Kuchemsha hakutoshi: mawe, mti na makombe ya kuokota ndani ya tangi la samaki

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la lita 80 lenye gapi, tetra neoni na koridora wachache, na kwa muda sasa limetulia vizuri. Likizoni mimi na watoto tuliokota vitu vya kulipamba: mawe ya mtoni ya rangi mbalimbali, mengine meupe na moja lina mstari unaong'aa rangi ya dhahabu, kipande kizuri cha mti kilichotupwa ufukweni na mawimbi, makombe matupu ya baharini, na majani makavu. Nimepanga kuvichemsha vyote pamoja kwenye sufuria kubwa kwa saa moja ili kuua vijidudu, halafu niviingize. Je, inatosha? Na mwanangu anauliza kama kipande cha chupa kilicholainishwa na bahari nacho kinaweza kuingia.

Jibu: Sufuria iweke pembeni kwanza, na mawe usiyachemshe kabisa.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini katika mzigo ulionitajia vijidudu ndiyo shida ndogo. Samaki wanaokufa kwa sababu ya mapambo ya kuokota mara nyingi huuawa na kitu kilichoyeyuka majini taratibu bila mtu kukiona: chokaa, chumvi, metali, utomvu wa mti, dawa ya shambani. Vitu hivyo havifi kwa moto. Jiwe la chokaa ukilichemsha saa nzima utatoa jiwe lilelile la chokaa, ila la moto. Kwa hiyo kila ulichookota kiulize kwanza hivi: kitaachia nini ndani ya maji yangu, na samaki wangu wanaweza kukihimili?

Wala usijifariji kwamba jiwe limetoka mtoni, na mtoni kuna samaki, basi ni salama. Mto unapita. Kinachotoka kwenye jiwe leo, kesho kiko mbali. Tangi lako la lita 80, ukitoa nafasi ya changarawe na mapambo, lina pengine lita 65 za maji yaleyale yanayozunguka kwenye chujio usiku na mchana, na kila kilichoyeyuka kinabaki humo mpaka siku utakapobadilisha maji. Maji yanapopungua kwa kuvukizwa, madini hayaondoki nayo. Mwenye tangi anayeongeza tu maji mapya bila kutoa ya zamani anayarundika.

Sasa hiyo hatari ya sufuria. Jiwe laweza kuwa na nyufa na vitundu usivyoviona, vimekunywa maji miaka na miaka. Maji hayo yakigeuka mvuke na mvuke ukakosa pa kutokea, jiwe hupasuka na vipande vya moto huruka. Si kila jiwe, na si kila mara, lakini huna namna ya kujua lipi litapasuka. Usiliingize kwenye oveni wala maikrowevu pia. Kwa mawe ya baharini kuna sababu nzito zaidi: baadhi ya viumbe laini walio jamaa wa matumbawe, waitwao zoantidi, hubeba sumu ya palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa za asili. Wako wafugaji waliofikishwa hospitalini, wao na watu wa nyumbani mwao, kwa kuvuta tu mvuke wa mawe ya namna hiyo waliyokuwa wakiyachemsha. Makombe yako makavu hayana shida hiyo, ila nimeona niseme kwa sababu wengi wakishazoea kuokota makombe huhamia kwenye vipande vya matumbawe.

Tuanze na mawe, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Mawe ya itale, basalti, mawe meusi ya volkano, sleti na kwatzi hayaachii chochote cha maana majini. Yanayosumbua ni mawe ya chokaa, marumaru, matumbawe yaliyogeuka jiwe, na baadhi ya mawe ya mchanga ambayo punje zake zimeshikanishwa na chokaa. Tatizo ni kwamba jiwe lililosuguliwa na mto hupoteza sura yake. Hayo meupe uliyookota yanaweza kuwa kwatzi, ambayo ni salama, au marumaru, ambayo si salama kwa tetra wako, na kwa macho tu hata mimi ningesita. Chukua msumari wa chuma ulikwaruze jiwe kwa nguvu. Marumaru na chokaa hukwaruzika, ukabaki mfereji mdogo na unga mweupe. Kwatzi haikwaruziki, msumari ndio utakaosagika na kuacha mstari wa kijivu ambao ukiufuta kwa kidole chenye maji unatoka. Kwatzi pia hukwaruza kioo, lakini jaribu hilo kwenye chupa kuukuu, si kwenye tangi.

Baada ya msumari, siki. Jaribio hili wengi wanalijua na wengi wanalifanya vibaya. Jiwe liwe limeoshwa na kukauka kabisa, si la leo asubuhi. Liache siku kadhaa juani. Likwaruze mahali ili uso mpya ujitokeze, kwa sababu ngozi ya nje ya jiwe la mtoni huwa na utando wa matope na mwani unaoizuia siki isifike. Kabla ya siki, dondoshea tone la maji matupu pembeni. Jiwe lenye vitundu, hasa la volkano, litatoa viputo kwa maji hayo hayo, kwa kuwa hewa iliyokuwa ndani inasukumwa nje, na mtu asiyejua hulitupa jiwe zuri akidhani limechemka kwa asidi. Ukishaona jiwe linavyofanya kwa maji, dondoshea siki kwenye ule unga wa mkwaruzo, kisha lilete jiwe karibu na dirisha, ulitazame kwa ubavu. Ukiwa na kioo cha kukuzia vitu, kitumie. Chokaa halisi hutoa povu la wazi. Lenye chokaa kidogo hutoa vijiputo vyembamba vinavyopanda kimoja kimoja pembezoni mwa tone, na unaweza kusikia mlio hafifu ukiliweka sikioni. Siki ni asidi dhaifu, ya kawaida ina asilimia 5 hivi ya asidi ya asetiki, kwa hiyo jibu la "ndiyo" liamini, ila jibu la "hapana" lichukue kwa tahadhari. Kuna wanaotumia asidi kali ya kuoshea vigae. Sipendekezi hilo kwenye nyumba yenye watoto, na wala haihitajiki, maana kuna jaribio la uhakika zaidi linalotaka subira tu.

Tafuta ndoo mbili za plastiki zisizowahi kuwekwa sabuni. Zote zijaze maji ya aina moja, kiasi sawa, na yakiwa ya mvua au yaliyosafishwa madini ni bora zaidi, kwa kuwa maji laini, yaani yenye madini machache, huonyesha badiliko dogo ambalo maji magumu, yenye madini mengi, yangelificha. Ndoo moja iwekee mawe yote yaliyofaulu kwenye siki, nyingine iache tupu. Pima ugumu wa maji, ule wa jumla na ule wa kaboneti (unaoikinga pH isiyumbe), pamoja na pH yenyewe, kipimo cha asidi ya maji, uandike. Zifunike, kisha pima tena baada ya wiki, na tena baada ya wiki mbili. Ndoo tupu ndiyo shahidi wako: ikiwa zote mbili zimebadilika sawasawa, basi ni hewa na joto tu, mawe hayana kosa. Ikiwa ya mawe imepanda ugumu na ile tupu imebaki pale pale, kuna jiwe moja au zaidi linaloyeyuka, na itabidi uyagawe makundi mawili uendelee kumsaka mhusika. Ugumu ndio uutazame zaidi. pH peke yake inadanganya, kwa sababu hupanda na kushuka kwa kiasi cha kaboni dioksidi kilichomo majini, kwa hiyo kabla ya kuipima koroga maji vizuri.

Lile jiwe lenye mstari wa rangi ya dhahabu usilipeleke hata kwenye ndoo. Mpe mwanao aliweke juu ya kabati. Kinachong'aa hivyo kwenye mawe mara nyingi ni pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakikaa kwenye maji yenye oksijeni huoza polepole na kutoa asidi, na mara nyingi huandamana na metali nyingine usizozijua. Yaweza pia kuwa ni maika tu, ambayo humeta kwa vipande vyembamba vinavyobanduka kwa kucha na haina madhara, lakini jiwe moja halistahili bahati nasibu ya tangi zima. Kanuni hiyo hiyo itumie kwa mawe yenye michirizi ya kijani kibichi au buluu iliyokolea, ambayo huashiria shaba, na yenye mabaka mazito ya kutu. Shaba ni ya kuogopwa hasa na anayefuga kamba wadogo au konokono: kipimo ambacho samaki wanakivumilia, kiasi kwamba dawa kadhaa za vimelea vya samaki zimetengenezwa kwa shaba, kwa kamba ni kifo.

Na ikitokea mawe ya chokaa yakaingia, kuna nini? Inategemea nani anaishi humo. Chokaa ikiyeyuka huongeza ugumu na kuivuta pH juu. Gapi hawatanung'unika, wao ni samaki wa maji magumu kiasi, na pH ya 7 hadi 8 inawafaa. Tetra neoni asili yao ni maji laini yenye asidi kidogo ya bonde la Amazon. Wakikaa kwenye maji yanayozidi kuwa magumu hawafi siku hiyo, bali hufifia rangi, hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi na hawaishi umri wao. Tangi lako tayari ni la maafikiano baina ya hawa wawili, usilisukume zaidi upande mmoja. Halafu jua kwamba maji yenyewe huamua mwendo: yakiwa tayari ni magumu na pH iko juu ya 8, chokaa haina haraka ya kuyeyuka. Yakiwa laini yenye asidi, au ukiwa unapulizia kaboni dioksidi kwa ajili ya mimea, inayeyuka kwa kasi. Ndiyo maana watu wawili huweka jiwe la aina moja, mmoja akaapa halina neno na mwingine akalia. Wote wanasema kweli.

Kwa samaki wa baadhi ya maziwa makuu, hadithi inageuka juu chini. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH iliyo karibu na 9, na mfugaji wa samaki wa huko huyatafuta mawe ya chokaa kwa makusudi.

Mawe yaliyopita mitihani yote yasugue kwa brashi ngumu na maji ya moto ya kawaida, bila sabuni ya aina yoyote. Ukitaka kuyaua vijidudu, mawe magumu yasiyo na vitundu unaweza kuyaloweka dakika 15 kwenye maji yenye dawa ya klorini isiyo na harufu za maua wala sabuni, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 19 za maji. Yasuuze sana, yaloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha yaanike mpaka harufu iishe kabisa. Dawa hiyo isikutane na siki hata kwa bahati mbaya, kwa sababu zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwako kabla ya kuwa sumu kwa samaki. Jaribio la siki lifanye siku yake, na usafi wa klorini siku yake.

Kuyapanga nako kuna hesabu. Lita moja ya ujazo wa jiwe ina uzito wa kama kilo 2.6, na jiwe linalosimama kwenye ncha moja linauweka uzito huo wote mahali padogo pa kioo. Sakafu ya tangi itandikie kipande cha sponji nyembamba au wavu wa plastiki chini ya mawe makubwa, na mawe yakae juu ya hicho moja kwa moja, ndipo changarawe ifuate kuzunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki wanaochimba watautoa mchanga chini yake na siku moja mnara utaanguka, pengine juu ya koridora, pengine juu ya kioo. Mawe mawili yasiyoshikana vizuri yaunganishe kwa gundi ya silikoni ya akwaria, yaani ya matangi ya samaki. Silikoni za bafuni huwa zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Jiwe lenye kingo kali liepushe na sakafu, kwa sababu koridora hutafuta chakula kwa kuchokoachokoa chini kwa sharubu zao, na sharubu zikichanika huoza.

Mti wako wa ufukweni ni mtihani wa aina nyingine. Kuna mambo matatu ya kuuangalia: ni mti gani, umekauka kiasi gani, na umebeba nini kutoka baharini.

La kwanza huenda hutalijua kamwe, na hilo ndilo linalonifanya niwe mgumu kidogo kuupitisha. Miti yenye utomvu wa kunata na harufu kali, kama misonobari, mierezi na mikaratusi, huachia mafuta yanayowadhuru samaki. Yenye utomvu mweupe kama mnyaa ni ya kukimbia kabisa, na oleanda pia. Mwarobaini unaua wadudu, basi kamba nao hawatasalimika. Utupa sihitaji kueleza: wavuvi wameutumia tangu zamani kuwalevya samaki, na kilichomo ndani yake ni rotenoni, inayomzuia samaki kutumia oksijeni hata kama maji yamejaa hewa. Upande wa pili kuna mpera, ambao ni mgumu, una matawi yaliyopinda vizuri na unatumiwa sana kwenye matangi. Mizizi ya mikoko nayo hupendeza, ila mikoko inalindwa na sheria katika nchi nyingi, hata iliyokufa, kwa hiyo usiiguse kabla ya kuuliza. Kama mti wako umekaa baharini muda mrefu, sehemu kubwa ya utomvu imeshatoka. Uchane kidogo kwa kisu upate mbao mpya, unuse. Ukisikia harufu ya dawa, ya tapentaini au ya mafuta ya meli, safari yake imeishia hapo.

La pili ni rahisi. Ukandamize kwa ncha ya bisibisi kila mahali. Mbao nzuri inagoma. Mahali bisibisi inapozama kama kwenye keki pameoza, na patazidi kuoza ndani ya tangi, pakila oksijeni na kutoa uchafu. Pakate upatupe, ubaki na moyo mgumu. Magome yote yabandue, kwa sababu yatabanduka yenyewe baadaye na kuziba chujio. Mti ambao jana ulikuwa hai, wenye ukijani ndani, usiuingize. Bado una sukari na utomvu, utayachafua maji kwa wiki nyingi.

La tatu, chumvi. Mti wa baharini umekunywa chumvi hadi katikati, na kuchemsha saa moja kutatoa ya juu tu. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki kadhaa. Ukiwa na kipimo cha kielektroni cha madini yaliyoyeyuka, kazi inakuwa nyepesi: pima maji mapya unapoyatia, pima tena siku unapoyamwaga. Namba zikilingana au kukaribiana mara mbili mfululizo, chumvi imekwisha. Angalia pia vitundu. Mbao iliyokaa baharini mara nyingi imetobolewa na chaza wabungua-mbao, na ukiichana utaona vitundu hivyo vimepakwa ndani ganda jeupe jembamba. Ganda hilo ni chokaa, ile ile tuliyokuwa tukiihangaikia kwenye mawe, na ndani ya vitundu virefu mara nyingi kumebaki mizoga. Vikiwa vichache, vikwangue kwa waya na kuvisuuza. Mbao ikiwa imegeuka sega, iache.

Hapo sasa ndipo sufuria inaporudi. Mti, tofauti na jiwe, unafaa kuchemshwa, saa moja hadi mbili, ukimwaga maji na kurudia mara kadhaa. Tumia sufuria ambayo haitarudi jikoni, kwa kuwa utomvu hung'ang'ania. Maji yatatoka rangi ya chai. Hiyo ni tanini, haiwadhuru samaki wako, tetra neoni wataifurahia hasa, na kama huipendi machoni kaboni amilifu (makaa maalumu ya kuchujia) kwenye chujio itaiondoa. Klorini na sabuni usizitumie kwenye mti hata tone, kwa sababu unazinywa na kuzitoa polepole ndani ya tangi. Huenda mti ukaendelea kuelea kwa wiki kadhaa. Ufunge kwenye kipande cha sleti kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu, na siku utakaposhiba maji utatulia wenyewe.

Jambo moja litakalokushtua: siku chache baada ya kuuingiza, mti utaota utando mweupe unaoyumbayumba, mfano wa kamasi. Watu hutoa tangi zima kwa hofu wakiona hivyo. Ni bakteria na kuvu wanaokula sukari iliyobaki usoni mwa mbao, hawana madhara, na huisha wenyewe ndani ya wiki mbili tatu hivi. Kamba na konokono huula kwa hamu. Wewe ukikuudhi, unyonye kwa mpira siku ya kubadilisha maji. Lakini ukisikia harufu ya mayai viza, hilo ni jambo jingine: kuna sehemu inaoza bila hewa, toa mti uukague upya.

Makombe sitayakawiza, jibu lake umeshalisoma kwenye chokaa. Kombe ni chokaa tupu, halihitaji siki kulithibitisha. Moja au mawili madogo kwenye tangi la gapi peke yao hayana neno, na kuna wanaotia vipande vyake kwenye chujio kwa makusudi pale maji laini yanapopoteza kinga yake na pH kuanza kuporomoka. Kwenye tangi lako lenye tetra, usiweke. Kama moyo wa mtoto uko kwenye makombe, mfikirie siku moja kuwa na tangi la pili la wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Neolamprologus multifasciatus, mmoja wao, ni mdogo kuliko kidole chako, na hulala, hutaga na kulea ndani ya gamba. Hapo gamba linakuwa nyumba, na chokaa yake inakaribishwa. Ila hata hapo gamba liwe tupu kweli. Litikise, linuse, limwagie maji ya moto, maana kipande cha mzoga kilichokauka kwenye pindo la ndani kitaoza mara kitakapolowa, na ufukweni magamba mazima yana wenyewe wengine wanaoyasubiri, yaani kaa-duvi.

Majani makavu ni mazuri kuliko watu wanavyodhani, mradi ni ya mti unaoujua, yameanguka yenyewe, yana rangi ya kahawia na hayakupuliziwa dawa. Majani ya mkungu ndiyo maarufu kuliko yote. Ya mpera yanafaa pia. Yasuuze, yaloweke mpaka yazame, weka moja au mawili kwa tangi la ukubwa wako, na yakishabaki mishipa tu yatoe. Kama hukumbuki mliyaokota chini ya mti gani, yatupe bila huruma, majani mengine yapo.

Mahali mlipookotea pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Karibu na mgodi, barabara kubwa, mfereji wa maji taka au shamba linalopuliziwa dawa, hata jiwe zuri linaweza kuja na kitu ambacho wala siki wala ndoo havitakionyesha. Hifadhi za taifa na za bahari kwa kawaida haziruhusu kuchukua hata kokoto, na matumbawe magumu yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuvuka nayo mpaka bila kibali kunaweza kukuletea kesi. Na kwa afya yenu wenyewe, maji yaliyotulia yenye konokono katika nchi za joto yanaweza kuwa na kichocho, na vimelea vyake huingia kwa kupenya ngozi. Vaeni mabuti na glavu, na vilivyookotwa vikauke kabisa kabla watoto hawajavichezea. Kukauka huko pia kutamaliza ruba na mabuu ya kereng'ende, ambao huwinda samaki wachanga wa gapi.

Usiingize vyote siku moja. Anza na mawe, ngoja wiki mbili, pima ugumu na pH, tazama samaki wanakula vipi. Kisha mti. Kikitokea kitu utajua ni kipi. Dalili za kuwahi ni samaki kupumua kwa haraka juu ya uso wa maji, kukunja mapezi au kujisugua kwenye mapambo. Hapo toa kilichoingia mwisho, badilisha robo hadi theluthi ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto sawa, ndipo uanze kuchunguza. Ugumu ukishapanda usiushushe kwa mara moja, kwa sababu badiliko la ghafla la madini linaweza kuwaua samaki waliokuwa wameanza kulizoea taratibu.

Na kile kipande cha chupa: mwambie mwanao kinaweza kuingia. Kioo cha chupa hakiyeyuki kiasi cha kumdhuru samaki. Pitisha kidole chako kwenye kingo zote, si chake, na ukipata mahali panapokwaruza pasugue kwa msasa wa maji hadi palainike. Kikague kama hakina rangi iliyopakwa au maandishi ya kuchapwa juu yake, kisha kioshe kwa brashi na maji ya moto. Hicho ndicho pekee katika mzigo wenu kinachoweza kuingia leo jioni.